Mguu wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Nimepanga meza. Viatu vya mguu wa kushoto mbele, vya kulia ndani ya gunia, kama kawaida. Ukianika jozi nzima hapa Kawangware 46, mtu anapita nayo ukipepesa jicho. Mguu mmoja hakuna wa kuiba.

Wateja hakuna. Nimepangusa viatu vya watoto mpaka viking'aa kuliko uso wangu.

Atieno ameweka picha zingine kwa soko ya mtandao. Nimeangalia. Nilikuwa nimeapa sitaangalia.

Jumanne, 4 Machi
Wacha niandike ukweli, hakuna mtu atasoma hii. Nina wivu. Wivu mbaya.

Atieno tulianza naye meza moja, hapa hapa Kawangware. Akahamia Kibera, akakodi chumba upande wa Nyayo Highrise. Hata meza hana. Viatu viko chini ya kitanda. Anapiga picha, anaposti, watu wanampigia. Na mali ni ile ile! Beli ya mitumba tunanunua pamoja soko la Gikomba, tunafungua pamoja, tunagawana nusu kwa nusu. Yake inaisha kabla wiki iishe. Yangu inanitazama.

Yeye wateja wamempa nyota tano kwa mtandao. Mimi nina hii jua.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Shantel amepita. Mteja wangu tangu Shantel hajaanza kutembea. Anakaa mtaa wa Satellite, mimi na yeye ni pua na mdomo. Shantel alikuwa na raba mpya. Nikauliza kwa upole ametoa wapi. Eti ameagiza online, kuna dada Kibera ana vitu safi, boda imemletea mpaka kwa mlango.

Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kibera. Anaruka meza yangu aagize Kibera, kiatu nilichokiona kikitoka kwa beli na macho yangu mwenyewe. Hiyo raba ilibaki kidogo tu iangukie upande wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Na mimi nimefungua akaunti. Picha ya kwanza imeshika kidole gumba. Ya pili giza. Ya tatu kiatu kinakaa kama kimelia usiku kucha. Watu wanauliza "bado iko?" Ukijibu, kimya. Mmoja ameuliza kama nauza kidole.

Jioni Atieno amenipigia kunifundisha. Toa kwa mwanga, weka juu ya kitambaa nyeupe, andika namba ya kiatu. Nikasema asante. Nikakata simu na hasira. Kwani nani alimuuliza?

Jumamosi, 8 Machi
Gikomba na Atieno. Beli nzuri. Tukiwa katikati ya kugawana mvua ikaanguka bila kubisha. Tukasukuma viatu kwa magunia ovyo ovyo, kila mtu akakimbia na lake. Nimelowa mpaka ndani. Yeye alikuwa anacheka. Mtu ana nyota tano, mbona asicheke.

Jumapili, 9 Machi
Mahubiri: usitamani kitu cha jirani yako. Nimeangalia sakafu ibada nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Leo maajabu. Wamama wawili wa Satellite, sijawahi kuwaona, wamekuja moja kwa moja mpaka kwa meza, wamechagua, wamelipa, hata hawakubishana bei sana. Kumbe picha zangu zinafanya kazi! Hata na kidole. Chai ya jioni nimeongeza sukari. Nimejisikia mtu.

Jumatano, 12 Machi
Nimezama kwa gunia kutafuta mguu wa kulia wa raba ya bluu. Nikatoa kingine. Kiatu chekundu cha msichana, cha kung'aa, kina ua dogo kwa ukanda. Cha kulia. Mwenzake hayuko. Nimemwaga gunia lote.

Nikafungua simu. Mwenzake yuko kwa Atieno, juu ya kitambaa nyeupe, amepigwa picha peke yake, vile tumezoea kupanga mezani. Chini yake watu wamejaa kama wako harusini, wote wanakitaka. Atieno amewajibu kimeenda. Kuna mama wa Nyayo Highrise ameshalipia. Mtoto wake atabeba maua harusini Jumamosi.

Ameuza jozi na ana mguu mmoja. Bado hajui.

Nimerudisha kiatu kwa gunia. Chini kabisa.

Alhamisi, 13 Machi
Atieno amepiga. Sauti imekauka. Amegeuza nyumba, ametoa mpaka kitanda nje, mguu wa kulia hauko. "Nafula, hebu angalia kwa gunia lako, aki."

Nikamwambia nimeangalia. Hakuna.

Ilitoka rahisi hivyo. Wakati ule sikushtuka. Nimeshtuka sasa nikiandika.

Jumamosi, 15 Machi
Gikomba hatukuenda. Atieno hakupiga, na mimi sikupiga.

Harusi ni leo. Yule mama ameandika kwa ukurasa wa Atieno. Alirudishiwa pesa yake yote lakini ameandika tu. Tapeli. Anaposti kiatu na hana jozi. Wengine wakaingia, hata wale hawajawahi kununua kwake kitu. Nyota zinaanguka. Mtu anasema akaunti yake ifungwe. Ikifungwa Atieno hana kitu, kwa sababu meza aliacha.

Nimesoma zote. Mwanzo nilisikia utamu. Haki ya Mungu, utamu, kama kulamba sufuria. Nikazidi kushuka nikitafuta matusi zaidi, nikapita, nikafika kwa maneno ya wiki jana. Mtu wa Satellite anauliza boda ni ngapi. Atieno amemjibu: "Usilipe boda bure. Enda 46, uliza meza ya Nafula. Mzigo wetu ni mmoja." Na mwingine wa Satellite, jibu hilo hilo. Na mwingine.

Hata Mama Shantel alimwambia hivyo. Ni yeye alikataa. Ameandika 46 kuna vumbi, heri aletewe.

Kwa hivyo wale wamama wawili hawakuletwa na picha zangu. Waliletwa na Atieno.

Chai imenishinda.

Jumapili, 16 Machi
Sikuenda kanisa. Nimekiosha kile kiatu na hakikuwa kichafu. Nimeenda Kibera.

Atieno alikuwa amekaa kwa mlango, simu ameifunika na leso. Cha kushoto kilikuwa dirishani. Njiani nilikuwa nimepanga uongo, nimwambie kiliingia ndani ya buti. Uongo mzuri tu. Haukunitoka.

Nikampa kiatu. Nikasema, "Nimekuwa nacho tangu Jumatano. Nilikuonea wivu."

Nilitaka apige kelele. Aniite mchawi, majirani watoke. Aliangalia kiatu, akaniangalia mimi, akasema, "Na harusi ilikuwa jana."

Akaingia ndani. Mlango hakuubamiza. Aliufunga polepole, kama kuna mgonjwa amelala.

Jumanne, 18 Machi
Nimeandika kwa ukurasa wake, na jina langu: mguu wa kulia nilikuwa nao mimi, nilificha, Atieno si tapeli. Wamenitukana vizuri. Mmoja amesema hata bure hawezi kuchukua kiatu kwa mtu wa roho kama yangu. Sawa.

Leo hakuna mtu wa Satellite amekuja. Na bado, wacha niandike, nikiona ile kitambaa yake nyeupe kuna kitu kinanichoma. Kidogo. Nilidhani kitaisha nikishasema.

Ijumaa, 21 Machi
Akaunti yake haijafungwa. Nimechungulia. Ameposti viatu vya shule. Miguu yote miwili.

Jumamosi, 22 Machi
Nilienda Gikomba peke yangu. Nikasimama kwa muuzaji wetu nikijua Atieno hatakuja, na beli nzima siiwezi.

Amekuja. Nikamsalimu, "Sasa?" Akajibu, "Poa." Tukalipa, tukafungua, nikaanza kugawa kama siku zote, hiki kwako, hiki kwangu.

Akanishika mkono. Akatoa kamba ndani ya mkoba, bonge zima, mpya. Akachukua kiatu cha kwanza, akatafuta mwenzake, akavifunga pamoja. Mafundo mawili. Akavuta aone kama vitaachana. Akaweka upande wangu. Akachukua kingine.

Miaka yote tumegawana, hatujawahi kufunga hata jozi moja.

Nikachukua wembe wa kufungulia beli, nikaanza kumkatia kamba.