Hana Vidonda vya Tumbo

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama yako anakohoa kidogo tu. Wasiwasi wetu ni wewe. Kocha amenipigia simu, anasema ulianguka mazoezini na umelazwa kwa sababu hutaki kula. Nikamwambia hajui anachosema. Bondia asiyekula? Hayo ni maradhi ya wasichana wa kujitazama kwenye vioo. Nimechomelea mageti miaka thelathini ili wewe ushibe! Ndugu wakiniuliza, nawaambia una vidonda vya tumbo. Kula, utoke hapo, urudi ulingoni. Usinitie aibu.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mpe mama pole ya kikohozi. Mimi naendelea, ila si kwa namna unayotaka kusikia.

Kocha hakukudanganya. Ilianza na kupunguza uzito kwa ajili ya pambano: kilo tatu, kisha mbili nyingine. Pambano likaisha, mimi nikashindwa kuacha. Nilikuwa namwaga chakula chooni, kisha nakimbia juani na masweta mawili.

Wiki jana waliniingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Inagonga kama karakana yako. Daktari akaweka picha yangu kando ya picha ya kijana mzima wa umri wangu. Tabaka la juu la ubongo wangu ni jembamba kuliko lake. Nikamuuliza, "Nimezaliwa hivi, au nimejifanyia?" Akasema sehemu kubwa ni kazi ya njaa, na kwa wengi tabaka hilo hujaa tena mtu akila na uzito ukipanda. Mengine hata wataalamu bado wanayatafuta.

Kwa hiyo si kiburi, wala si usichana. Waambie ndugu ukweli. La sivyo, sirudi hapo nyumbani kuigiza mgonjwa wa tumbo.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Barua imefika, sote wazima. Lakini tangu lini mtoto akampa baba yake masharti? Kwetu hakuna mgonjwa wa kichwa. Nikitaja ubongo watasikia wazimu, na dada yako ndiyo kwanza amepata mchumba. Vidonda vya tumbo vinabaki palepale.

Baba yako

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Miezi miwili sikuandika, nilikuwa na kazi: kula mara sita kwa siku. Usicheke. Kuna siku yai moja limenichukua saa nzima, huku machozi yanatiririka. Nimeongeza kilo saba.

Kocha alikuja na mkataba wa pambano la Agosti, kwa uzito uleule wa zamani. Nikamwambia atafute mwingine.

"Bila ndondi wewe ni nani?" akauliza.

"Mtu aliye hai," nikamjibu.

Nikitoka hapa naanza kazi kwa fundi baiskeli. Kichwa changu si kibovu, Baba, kilikuwa na njaa. Useme usiseme, mimi nasema. Nimeshamwandikia shangazi.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Hatujambo, na kikohozi cha mama yako kimekwisha.

Jumapili ndugu walikuja kumwona mchumba wa dada yako. Baba yako mdogo akauliza, mbele ya watu wote, vidonda vyako vimefikia wapi. Mama yako akaweka kikombe chini, akanikazia macho. Nikasema: "Hana vidonda. Aliugua ugonjwa wa kukataa chakula, njaa ikamsinyaza ubongo, sasa anakula na unajijenga upya."

Baba yako mdogo akacheka. "Kumbe una mabinti wawili!"

Nikaenda nikafungua mlango. Akadhani natania. Nikamwambia, "Ndugu yangu, toka." Akatoka. Mchumba wa dada yako akauliza kama wagonjwa mnaruhusiwa wageni.

Barua zangu za Machi zichane. Ziliandikwa na mtu mwoga.

Ijumaa nafunga karakana nije huko. Maswali ya daktari nimeshayaandika, karatasi imejaa pande zote mbili. Na atakayeniuliza njiani naenda wapi, nitamwambia, na ugonjwa nitautaja kwa jina lake.

Baba yako