Maziwa ya Peninah

Njoro, 8 Januari 1997

Mpendwa Baba,

Salamu sana. Mimi ni mzima, hofu yangu ni kwenu na hilo jua la Kiritiri. Nimesikia mdogo wangu Runji na dada yake Nelius wote wameitwa fomu wani, na uwezo wa karo ni wa mmoja. Baba, usimwache Nelius. Mwalimu wetu wa baiolojia anasema mwaka wa njaa wanyama wengine hulea jike kwanza, maana dume dhaifu hapati mke, lakini jike hata akikonda huzaa. Wazazi wa watu nao huenda wanapima hivyo bila kujijua.

Ni mimi mama yako (si mlinipa jina la marehemu Nyanya?),
Igoki

Kiritiri, 20 Januari

Kwako Mama,

Habari za masomo? Sisi tunasukuma siku. Kumbe nimesomesha mtu ili aje anifananishe na beberu! Kweli, mbuzi wetu amezaa pacha na anampiga teke yule dume. Lakini Nelius ataolewa, Runji ndiye atabaki na boma. Anaenda Runji. Nimemaliza.

Baba yako,
Njiru

Kiritiri, 2 Februari

Kwako Mama,

Hujambo? Mimi sijambo sana. Barua yako ya pili imefika bila hata salamu, umeandika tu kwa Kimbeere: "Njaa ile nilikupa wewe maziwa, Peninah nikampa maji. Mbuzi ana akili kunishinda. Mama yako." Nani alikuambia? Dada yangu Peninah alikufa nikiwa mdogo, na nyumbani tulikuwa watatu tu. Sijawahi kumwambia mtu. Nimeogopa, sikufichi. Nelius ameenda shule jana. Runji hanisemeshi.

Baba yako,
Njiru

Njoro, 11 Februari

Mpendwa Baba,

Poleni na jua. Kwa Nelius nimefurahi mpaka nikalia. Lakini Baba, mimi nilikuandikia mara moja tu. Jina Peninah ndio kwanza nalisikia kwako, na Nyanya hakujua kuandika. Nitumie hiyo barua nione mwandiko.

Binti yako,
Igoki

Kiritiri, 19 Februari

Igoki,

U mzima? Leo sikuiti Mama, naogopa ataitika mwingine. Barua nimeitafuta, siioni. Asubuhi nimempa Runji maziwa, nikidhani atanisamehe. Amesukuma kikombe, akaniuliza kwa nini nampa ya Peninah. Jina hilo sijalitamka katika boma hili.

Njoo nyumbani.

Baba yako