Mama alivyoomba sukari

Jumanne, Nkoma

Na bado Mama na mke wangu wananicheka huko jikoni. Nawasikia.

Tangu Mama alipotoka Jinja kuja kuniuguza kisukari hapa Mbale, sukari imepigwa marufuku nyumbani kwetu. Chai bila sukari, uji bila sukari. Hata Zainabu, binti yangu ambaye shule bado hajaanza, hunusa kikombe changu kama askari wa mpakani.

Leo asubuhi nilijidunga insulini, kisha nikachelewa kula kwa sababu nilikuwa nabishana na Mama juu ya chumvi. Ghafla mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka. Mke wangu Halima akapiga kelele, "Sukari yake imeshuka! Mpeni kitu kitamu!"

Kitu kitamu kipi? Mama, ambaye alikuwa amewagawia watu sukari yetu yote, akakimbia bila viatu hadi kwa jirani, huku analia, "Nipeni sukari, mwanangu anakufa!"

Nilipopata nafuu kwa sukari ya jirani, Halima akamwambia Mama, "Mama, kumbe na wewe unaomba sukari?"

"Wewe nyamaza. Nikimpa, makosa. Nikimnyima, makosa. Huyu mume wako alizaliwa msumbufu."

Nilicheka nao, lakini niliogopa sana. Zainabu aliniona nikishindwa kushika kikombe. Sijui kichwani mwake aliwaza nini.

Jioni alikuja akanishika mkono, akaukagua pande zote.

"Baba, umeacha kutetemeka?"

"Nimeacha."

"Basi nibebe."

Nikambeba mpaka usingizi ukamchukua.