Kwa Ndeti, Aliyezipa Injini Pumzi

Mwaka umezunguka, Baba Nthenya, tangu ututoke msimu ule wa mvua kubwa, na bado kuna unga wa chuma katika nyufa za sakafu yetu. Nafagia, nafagia, wapi! Nikipitisha kitambaa kinatoka cheusi vilevile. Zamani ningekufokea mpaka majirani wasikie. Siku hizi nakikung'uta mlangoni taratibu, namshukuru Mungu kwamba mtu mchafu kama wewe aliishi na mimi.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani kwako, na kalamu ninayo mimi, Annah, mkeo. Wengine wasome tu, hatuwafukuzi. Tulikuzika huku huku Nairobi, kwa sababu barabara ya Mbooni ilikatwa na mafuriko na hatukuweza kukufikisha kwenu. Mama yako hakuwepo. Hakutia udongo kaburini, hakukuaga. Hilo ndilo lililotuumiza mwaka mzima, na wewe unajua kwa nini haikuwa rahisi kumleta.

Kwa wale ambao hawakukujua: ulikuwa Jamleck Ndeti, mwana wa Muthama aliyechonga viti na vijiko huko Mbooni. Kila asubuhi ulitoka Lavington kwa baiskeli, kwenye chumba chetu kilichoko nyuma ya nyumba ya Wazungu ninaowapikia, ukateremka mjini hadi gereji ya Grogan Road. Huko ulifanya kazi ya tajiri. Jioni ulirudi na kazi yako mwenyewe, kichwa cha injini kimefungwa kwenye keria kwa mpira, na baiskeli inalia njia nzima kama punda aliyezidishiwa mzigo.

Watu waliuliza, huyu anafanya nini na hicho chuma jioni yote? Nami niliuliza, tena si mara moja. Ukanieleza mpaka nikaelewa, maana hukuwa mtu wa kuficha kazi. Injini inapumua, ulisema. Hewa na petroli huingilia kwenye vijia vilivyomo ndani ya kile kichwa, na moshi hutokea kwenye vijia vingine. Kiwandani chuma humiminwa kikaganda na vipele na vikona humo ndani, na hakuna anayeingiza mkono kuvitoa. "Injini ni kama mtu mwenye mafua, Mama Nthenya. Mzibue pua, kisha umwone mlimani."

Basi ulizibua pua za magari ya Nairobi kwa mkono. Hukuwa na mashine. Ulikuwa na tupa nyembamba ulizozipinda mwenyewe kwenye makaa ya jiko langu, na kijiti kilichozungushiwa msasa, na kiti cha baba yako cha miguu mitatu. Ulikaa pale kando ya ua la kayaba, ulimi umeutoa kidogo pembeni mwa mdomo, unasugua, unatia kidole gumba ndani, unafumba macho. Nikikuita chakula unajibu "nakuja," kisha huji.

Halafu kulikuwa na habari ya unga wangu. Haya, leo acha watu wajue. Ulitaka kujua kama kijia hiki kinalingana na kile, na jicho halifiki ndani. Ukaona nakanda chapati. Ukachukua donge, ukalikaza kwa majivu, ukalipaka mafuta, ukalishindilia ndani ya chuma, ukalitoa polepole na umbo la kijia limebaki juu yake. Ukayapanga madonge dirishani uyalinganishe. Siku moja Muthama, mwanetu, alikula moja. Nililia, wewe ulicheka, na mtoto akaomba lingine!

Lakini chombo chako kikubwa kilikuwa sikio. Baba yako alipochonga kiti aligonga mti kwa kifundo cha kidole asikie umebaki unene gani, asije akatoboa. Wewe ulileta desturi hiyo kwenye chuma. Ndani ya kichwa cha injini, nyuma ya vile vijia, mna maji ya kupoza, na ukisugua mno unafika kwenye maji na kichwa kimekufa. Kwa hiyo ulisugua kidogo, ukagonga kwa mpini wa nyundo, ukasikiliza. Ukasugua, ukagonga. Ko, ko, ko, jioni baada ya jioni. Watoto walizoea hata wakawa hawalali vizuri siku usipogonga.

Na yote hayo, Baba Nthenya, asili yake ilikuwa mama yako. Watoto wanamwita Susu, kama Wakamba wote wanavyowaita nyanya zao. Susu alipanda basi mara moja tu maishani mwake. Lilipofika katikati ya mlima likaishiwa nguvu, likaanza kurudi kinyumenyume na watu wanapiga mayowe. Halikupinduka, Mungu ni mwema, lakini alishuka akaapa hatapanda tena gari. Uliponioa mimi hakuja. Binti yetu Nthenya alipozaliwa na kupewa jina la nyanya yake hakuja. Ulimbembeleza sana. Mwishowe akasema, "Nitapanda gari ambalo injini yake umeitengeneza wewe. Mwingine simwamini."

Weee! Ungedhani amekupa shamba. Ukanunua kwa mwuza vyuma chakavu kichwa cha gari la Morris kilichotupwa, ukaanza kukisugua cha kwako. Gari lenyewe hukuwa nalo. Hata gurudumu moja. Majirani wakakutania: Ndeti ana kichwa, kiwiliwili kitafuata. Ulicheka nao na kuendelea. Kazi za watu ulizimaliza upesi, lakini hicho ulikidekeza miaka na miaka. Ulikifunga katika blanketi, ukakilaza chini ya kitanda chetu, na blanketi lenyewe lilikuwa langu. Nilikuwa nikiamka na baridi nasema moyoni, mume wangu ana mke wa pili na ni wa chuma.

Sasa nifike kwenye jambo tunalotaka kukushukuria.

Zadock Ogutu, dereva jirani yetu, mtu wa Nyanza, alikuwa na Morris yake kuukuu aliyobebea abiria. Ilikuwa hoi. Ikiona mlima inakohoa. Alikuletea kichwa chake ukizibue, na kabla hujamaliza, akaja Jumamosi mbio, uso umembadilika. Mkewe Peres alikuwa nyumbani kwao Nyanza, mgonjwa sana, mimba imeharibika na damu haikati. Alitaka kumfuata amlete hospitali Nairobi. "Ndugu yangu, lini itakuwa tayari?" Ukamwambia, "Jumatatu alfajiri uende."

Hiyo maana yake ni kwamba ulifanya kazi Jumapili. Wewe! Kanisani kwetu Jumapili mtu hachanji hata kuni. Na upande wa pili wa kayaba anakaa Mwinjilisti Kisilu, mwenye masikio marefu kuliko ua lenyewe. Ulijua ukigonga atasikia. Basi ukaingia chumbani, ukafunga dirisha, ukasugua kwa msasa kimyakimya bila kugonga hata mara moja. Ulimwogopa Mwinjilisti kuliko Mwenyezi Mungu aliyekuwa akikuona waziwazi.

Nilikuwa nakunja nguo nilipoona mkono wako umesimama. Kidole gumba kilikuwa ndani. Ulikivuta ukakitazama, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Nthenya, nimetoboa."

Nilipata hofu. Nilikuambia kuna mafundi mjini wanaoziba tundu kama hilo kwa risasi iliyoyeyushwa, gari likaenda siku chache, na anayelipeleka hajui. Ulinitazama hukukasirika. Ukasema, "Litafika mlima wa Mau lichemke. Halafu Peres?" Kisha ukapiga magoti, nikadhani unaomba. Kumbe unatafuta chini ya kitanda.

Zadock alipokuja ulimwonyesha tundu kwanza, hukumzungusha. "Chako nimekiharibu mimi. Hiki ni changu, kinaingia kwenye gari lako sawasawa. Tukifunge."

Zadock alikijua kile kichwa. Mtaa mzima ulikijua. Akarudi nyuma akasema, "Hapana, bwana. Hiyo ni ya mama yako. Mimi siwezi beba kitu ya mama yako."

Ukamjibu, "Mama yangu ni mzima, anapalilia. Mkeo ni mgonjwa. Shika huku tuinue."

Mlikifunga nyinyi wawili, na alfajiri Zadock akaondoka. Alituhadithia baadaye kwamba ile Morris ilipanda Mau kama inateremka. Peres alifika hospitali akiwa hai. Madaktari walisema wangechelewa kidogo tu wasingemkuta. Leo Peres anauza mboga Kawangware, amenenepa, anacheka kwa sauti ya kuudhi, na kila nikimsikia nakukumbuka. Asante, Baba Nthenya. Hatukukuambia vya kutosha, kwa hiyo tunakuambia sasa, asante.

Ulikwenda kuungama kwa Mwinjilisti, ukisubiri kuketishwa nyuma ya kanisa. Kisilu alikusikiliza mpaka mwisho akasema, "Kumwokoa mgonjwa hakuna Jumapili. Ungegonga tu, Ndeti, ningekuja kukushikia taa." Ulirudi umenuna kuliko ulivyokwenda.

Hukumdai Zadock kitu. Alipotaka kukirudisha kichwa ulikataa, ukasema gari lililokwisha kuzoea kupumua lisizibwe tena. Ukatafuta kingine chakavu, ukaanza upya kwa ajili ya Susu. Ko, ko, ko. Ulikuwa umelainisha vijia viwili mapafu yalipokushika. Hata kitandani vidole vyako vilikuwa vikisugua shuka. Muuguzi aliniuliza huyu anafanya nini, nikamwambia anafanya kazi, mwache.

Sasa tukuambie la mwaka huu.

Ilipokaribia siku yako, Zadock alikuja na kofia mkononi. Akasema, "Shemeji, mimi naenda Mbooni kuleta mama." Nikamwambia asijisumbue, yule mama hapandi gari, hata kwa mazishi ya mwanawe alisema atatembea, na maji yakamzuia. Zadock akasema ataenda hata kama ni kusalimia tu. Akaenda na Nthenya, binti yetu, awe mkalimani.

Nthenya ndiye aliyetusimulia. Susu alisimama mbali na gari, jembe mkononi, akauliza ni la nani. Zadock akasema ni lake. Susu akageuka aende zake. Nthenya akamwambia kwa Kikamba, "Susu, kile kichwa chako alichokitengeneza baba kimo humu." Susu akataka aonyeshwe. Zadock akafungua boneti, lakini ataonyesha nini? Kazi yako yote iko ndani, haionekani mpaka uivunje injini. Akamwambia, "Mama, kuona huwezi. Sikia tu." Akaiwasha.

Susu alisikiliza muda mrefu. Kisha akakabidhi jembe kwa jirani, akaingia kiti cha mbele, akashika mlango kwa mikono miwili. Nthenya anasema walifika kwenye kile kilima kirefu cha njia ya Machakos, wakaanza kupanda. Hapo alifumba macho, akajikaza, akangoja gari lirudi nyuma. Halikurudi. Walipofika juu alifumbua macho akauliza, "Tayari?" Nthenya akamwambia, "Tayari, Susu." Akalia kuanzia pale hadi Athi River, na Zadock, mtu mzima na masharubu yake, akalia naye huku anaendesha.

Waliingia hapa uani jana mchana. Tulitoka wote, mimi na Muthama, na Peres, na Mwinjilisti Kisilu, hata mpishi wa nyumba ya pili. Zadock alipeleka mkono kwenye ufunguo ili aizime tumsalimie mgeni kwa utulivu. Susu alikuwa amekwisha kushuka. Hakumsalimu mtu. Alizunguka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti, ikawa inatetemeka chini ya mkono wake, na moto.

"Msiizime kwanza," akasema. "Ni mwanangu anapumua."

Hatukuizima, Baba Nthenya. Tulisimama pale wote na tukakuacha upumue na mama yako. Leo asubuhi amekuja nasi makaburini, akatia udongo wake.

Tunaokuwaza ni sisi: mama yako Nthenya, aliyefika, mkeo Annah Kanyiva, watoto wako Nthenya na Muthama, Zadock Ogutu na Peres, ambao si damu yetu lakini hatuwezi kuwaacha nje ya orodha hii, na kanisa dogo la wapishi, mayaya na watunza bustani wa Lavington, Hurlingham na Kitisuru, pamoja na Mwinjilisti wetu.

Maadamu tuko hai, Ndeti, hutasahaulika kwetu.