Mfupi kwa Twiga, Mrefu kwa Mamba

Jumatatu, 9 Desemba

Sasa hivi Lereko ametia bahari ndani ya kiatu chake. Kiatu cha kushoto, kile kisichovuja sana. Amekibeba kwa mikono miwili kutoka majini mpaka hapa nilipokaa, ulimi nje, hatua moja moja, na alipofika maji yalikuwa yamebaki kijiko. "Ya baba," akasema. Baba yake yuko nyumbani Bethlehem, ya kwetu bara, si ya Biblia, anaziba pancha za malori, hakupewa likizo. Nikamwambia bahari ya kiatu itakauka njiani. Akafikiri. Akainywa.

Akatema, lakini si yote.

Wifi Dibuseng, dada mkubwa wa mume wangu na mkuu wa safari hii, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema vizuri, tumbo limesafishwa bure, kuna watu kwetu wanayangoja maji hayohayo kwa hamu. Yeye amekuja na chupa kumi na mbili tupu za kujaza bahari. Kila jirani ametuma yake na jina limeandikwa ubavuni. Nguo zetu sote wanne ziko kwenye mfuko mmoja. Chupa zina mifuko mitatu.

Tumefika alfajiri kwa basi. Chumba ni cha uani kwa Mama Ntombenhle, mjane anayejuana na wifi kwa mambo ya kanisa. Kitanda kimoja. Wifi na Puseletso wangu mdogo juu, mimi na Lereko chini. Sawa tu. Nina miaka ishirini na minne na leo nimeiona bahari.

Lereko hajali sana bahari. Anauliza boti. Mwezi wa saba alipolazwa kwa kifua, siku tisa, mama wa kitanda cha pili alikuwa na picha kwenye simu. Bustani ya michezo ya hapa Durban, ile yenye nyangumi wa saruji mlangoni. Kuna boti linapanda kilima cha maji, halafu linaanguka na watu wake. Lereko alikuwa na mrija puani, hata kusema hawezi, akaonyesha kwa kidole. Nikamwambia ukipona utalipanda. Nilisema tu, kama mtu anavyosema akiwa na hofu.

Alipona. Na hajasahau hata siku moja.

Alhamisi ndiyo siku ya boti.

Jumanne, 10 Desemba

Wifi ametangaza: leo tunafurahi bure.

Asubuhi mchanga. Tumemfukia Puse mpaka kifuani, akalala humohumo. Mchana jua likazidi, tukaingia kwenye duka kubwa lenye ubaridi na ngazi za umeme. Hizo ngazi ndizo bembea za maskini! Juu, chini, juu, chini. Lereko alikuwa anaziaga kila anaposhuka: kwaheri ngazi, narudi. Mara ya saba askari akatufuata. "Mama, mnatafuta duka gani?" Wifi akamtazama kwa heshima zake zote. "Bado tunachagua, mwanangu." Tukapanda mara ya nane.

Jioni jambo zito. Mama Ntombenhle ametueleza kwamba pale kwa Nyangumi kuna twiga amechorwa ukutani. Mtoto asiyefika bega la twiga, yaani mita moja, anaingia bure. Akifika analipa kama mimi.

Puse hana neno, ana miaka miwili. Lereko anatimiza mitano Januari. Wifi ni fundi cherehani, futi yake haitoki shingoni hata kwenye basi. Akamsimamisha mlangoni. Mita moja na kidole.

"Nywele hizo," wifi akasema. Akazibana kwa kiganja. Mita moja kamili.

"Kamili si pungufu, wifi," nikasema.

"Tutaipunguza."

Mke wa kuolewa habishani na wifi mkubwa, na huyu ndiye aliyelipa nauli ya basi.

Jumatano, 11 Desemba

Siku gani hii.

Wifi amemnyoa Lereko kwa wembe, kipara kinang'aa. Puse akalia kwamba na yeye anataka. Akanyolewa. Mayai mawili. Nikawapiga picha wameshikana mikono, nikamtumia baba yao, nikaenda kufua.

Narudi na beseni, namkuta Mama Ntombenhle mlangoni kwetu. Shali mabegani, mshumaa mkono mmoja, sahani ya skonzi mkono wa pili. Machozi yanamlenga. "Poleni, wanangu. Msiba kuwakutia safarini."

Nikaona vichwa vya watoto. Mungu wangu! Kwao ni kama kwetu, nyumba ikifiwa watoto wananyolewa. Nimelijua hilo tangu sijui kutembea. Wifi naye analijua, ameshanyolewa mara nne. Hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka. Tulikuwa tunamfikiria twiga.

Nikafungua kinywa. Wifi akanikanyaga mguu. Na kweli, angesema nini? Kwamba tunakwepa kiingilio?

"Asante, mama," akasema, kichwa chini.

"Ni nani?"

"Mzee mmoja. Upande wa baba. Alikuwa mzee sana."

Mama Ntombenhle akaanzisha wimbo. Tukaimba beti zote. Sauti ya wifi ilitetemeka, nikadhani anaona aibu, kumbe anazuia kicheko, nilijua nilipoona mabega. Skonzi zilikuwa za moto. Amekula tano. Mimi mbili.

Haijapita saa, simu. Khotso, baba yao. Sauti imekauka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Mbona watoto wamenyolewa? Niambie tu. Mama huku ameshageuza kioo ukutani kwa ajili ya msiba."

Wifi akaninyang'anya simu. "Khotso, acha makelele. Ni kwa ajili ya twiga."

Kisha nikamsikia mume wangu akiuliza pole pole kama twiga ndiye aliyekufa.

Sasa naandika huku wifi anamfundisha Lereko magoti. Kipara hakitoshi, kwa hiyo ukisimama kwa twiga, kunja magoti kidogo, suruali ni pana hawataona. Lereko anakunja. "Hivi, Shangazi?" Zaidi. "Hivi?" Anatembea chumba kizima kama bata. Puse nyuma yake, bata mdogo. Nimecheka mpaka nimeshika ubavu. Naliandika hili ili nisije nikasema baadaye ni wifi peke yake. Nilicheka na mimi.

Alhamisi, 12 Desemba

Nitaandika yote.

Vyakula vya nje haviruhusiwi kwa Nyangumi, wanakagua mifuko. Kwa hiyo wifi alijifunga blanketi lake zito la Kisotho, lile la harusi yake, na pini kubwa begani. Chini ya blanketi: kuku mzima, mayai sita, mkate. Durban, Desemba. Hata nzi walikuwa wanatafuta kivuli. Binti wa mlangoni akamwangalia jasho linavyomtiririka. "Mama, unaumwa?"

"Ni vazi letu, binti yangu. Mosotho hatoki bila blanketi."

Binti akamwonea huruma, akampa maji ya kunywa. Nilitaka ardhi inimeze.

Twiga. Lereko akavua viatu bila kuambiwa, akaegemea ukuta, akakunja. Vizuri kabisa, usoni hana habari. Binti akatazama, akamfunga utepe wa kijani mkononi. Bure. Wifi alinifinya kwa furaha, nina alama.

Na asubuhi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Farasi wa kuzunguka, vikombe vya kuzunguka, samaki nyuma ya vioo. Puse alimwambia samaki mkubwa "njoo", samaki akaja. Kuku tulimla nyuma ya vyoo tukipokezana kulinda.

Halafu boti.

Kwenye boti kuna mamba wa mbao, amenyoosha mkono. Asiyefika mkono wa mamba hapandi. Mita moja. Sikuwa nalijua, wifi hakuwa analijua, Mama Ntombenhle alituambia ya twiga tu. Wifi akasema usijali, mlangoni alikuwa mfupi, huku atakuwa mrefu, watoto hukua haraka.

Lereko akasimama kwa mamba. Akakunja magoti.

"Simama, mwanangu," nikamwambia. "Nyooka."

Akamtazama shangazi yake. Akakunja zaidi.

"Nyooka, mtoto wewe!" wifi akasema.

Lereko akanivuta kanga, akaninong'oneza sikioni. "Nikinyooka watatufukuza, Mama."

Alidhani tunamjaribu. Kijana wa boti hakuwa mbaya. Akachuchumaa, akamwonyesha utepe wake. "Tazama, bwana mdogo, hata ukinyooka. Wa kijani ni wa wafupi, mlangoni wameshakupima. Njoo mwakani."

Nilitamani alie. Hakulia. Tulipoondoka, boti likaanguka nyuma yetu, watu wakapiga kelele, yeye hakugeuka. Akanishika mkono, akauliza:

"Nimefanya vizuri, Mama?"

Nikamwambia ndiyo.

Ijumaa, 13 Desemba

Mvua. Tumecheza duka, skonzi za juzi ndizo bidhaa.

Lereko alipoamka aliuliza, "Leo mimi ni mfupi au mrefu?" Kama mtu anayeuliza avae shati gani. Na amepita mlango wa Mama Ntombenhle amekunja magoti. Mlango wa chooni pia.

Nimefikiri sana. Mimi ndiye ninayejua kukunja magoti katika nyumba ile. Ninakunja kwa mama mkwe, kwa wifi, kwa mwalimu mkuu nilipoacha shule darasa la tisa na nikasema asante. Sikutaka ajifunze kwangu.

Nina hela ya kusuka nywele za Krismasi, niliiweka tangu Agosti kwenye kopo la unga. Inatosha kuingia kwa Nyangumi, mimi na yeye. Krismasi nitafunga kitambaa.

Nimemwambia wifi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwambia kitu bila kukiuliza. Alikuwa anaandika majina upya kwenye chupa, yamefutwa na maji.

"Nataka kurudi kesho na Lereko. Nimlipie kwa hela ya kusuka."

Aliandika jina zima la jirani kabla hajajibu.

"Na watu watakuuliza nani amekufa, na hicho kitambaa."

"Nitawaambia twiga."

Hakucheka. Baadaye kidogo niliona mabega.

Jumamosi, 14 Desemba

Basi ni saa kumi na mbili jioni. Chupa zimejaa, nguo sasa ziko ndani ya foronya. Asubuhi kabla ya kutoka nilikwenda jikoni nikamwambia Mama Ntombenhle ukweli, wa twiga na wa mamba. Alisimama na mwiko hewani. Akasema, "Basi nimemwombea nani usiku tatu?" Akakaa, akacheka, akasema skonzi zile tutazilipa kwa chupa ya bahari. Nikamwambia lakini mama, bahari ni yenu. Akasema ndiyo, lakini yeye magoti hayamfikishi.

Wifi amekuja pia. Hakuniambia, nilimkuta getini amevaa gauni tu, bila blanketi, Puse mgongoni. Amelipa mwenyewe. Sikumuuliza kwa hela ipi.

Kwa twiga nilimwambia Lereko: "Leo simama urefu wako wote."

"Wote?"

"Wote."

Akaegemea. Akakunja kidogo, mazoea. Kisha nikaona magoti yanavyofunguka, pole pole, anavuta pumzi kwa kile kifua chake, shingo inatoka, kidevu kinatoka. Binti wa mlangoni akaangalia kwa jicho, akatikisa kichwa. "Huyu analipa, mama."

Sijawahi kutoa hela kwa furaha hivyo. Utepe mwekundu.

Sasa tuko kwa mamba. Boti limesimama, wanasafisha mfereji, kwa hiyo nimekaa kwenye benchi naandika. Tuko wa pili kwenye foleni. Kijana ni yuleyule wa juzi, lakini leo ana kipande cha ubao, anakilaza juu ya kichwa cha kila mtoto, hapimi kwa jicho kama binti. Aliye mbele yetu amerudishwa kwa upana wa kucha. Sasa hivi wifi ameniambia, "Zile nywele ningeziacha." Ameivuta futi yake, ameitazama, ameirudisha shingoni bila kupima.

Lereko anafanya mazoezi kwenye nguzo. Amepanda juu ya vidole.

"Visigino chini," wifi anamwambia. "Hapa hatudanganyi mtu." Amesema hivyo, wifi Dibuseng, nimemsikia kwa masikio yangu.

Akikataliwa sijui nitasema nini. Nimefikiri maneno tangu jana na sijayapata. Na akikubaliwa kuna jambo jingine, nimelisoma kwenye kibao: aliye chini ya miaka sita apande na mzazi. Sikulijua hili. Kile kilima kina urefu wa nyumba tatu. Sijui kuogelea, hata kwenye ngazi za umeme nilikuwa nashika ukingo, na wifi anajua, ndiyo maana ameshanyoosha mikono kupokea kalamu na viatu vyangu.

Injini imewaka. Kijana anatuita kwa mkono. Lereko ameenda mwenyewe, amegeuza mgongo kwa mamba, visigino chini, hajanitazama mimi wala shangazi yake. Magoti yamenyooka. Ubao unashuka kichwani, na mimi naona kutoka hapa kwamba uko juu ya mkono wa mamba.

"Mama Lereko! Kijana anakuita, njoo upande naye," wifi anasema, na kalamu ameshaishika.