Jina Lililobandikwa Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi 2003

Nimesafisha disketi asubuhi nzima. Nne zimekufa. Vumbi la Kamembe halina adabu. Umeme umerudi saa tano, kwa hiyo somo la kompyuta hapa dukani kwa kaka yangu limekuwa nusu.

Wanafunzi wote tisa wamekuja. Makarani watupu: wa zahanati, wa mashine ya mpunga kule Bugarama, wa shule. Na Maman Consolata, anayetunza daftari la watoto waliopotea vitani. Siku hizi daftari liko ndani ya kompyuta. Majina yenyewe, pamoja na picha kwa waliobahatika kuwa nazo, yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi yake. Anayemtafuta mtu wake huanzia pale.

Mkubwa wake amempa mpaka mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita mwanamume mmoja alifika Gikundamvura kumchukua mtoto mmoja wa daftari, akajiita mjomba. Alijua kovu la goti. Alijua hata jina la mbuzi wa nyumbani kwao. Mambo hayo yameandikwa ndani ya daftari tu, si mlangoni. Bibi anayemlea mtoto aliona viatu vyake vimezidi kung'aa kwa mtu aliyedai ametembea kutoka Kongo, akapiga kelele. Jamaa akakimbia.

Kwa hiyo kuna mtu amelifungua daftari na kulisoma. Maman Consolata asipojua kulifunga barabara, linapelekwa Kigali naye anarudi kulima kwao Nzahaha. Ameniambia hivyo bila kulalamika. Naogopa kuliko yeye.

Jumanne, 4 Machi

Murhula, rafiki yangu wa tangu chuo, amevuka daraja la mpakani saa tatu, kibali cha siku mkononi. Anafundisha Bukavu. Jumanne na Ijumaa anakuja kwangu, Alhamisi naenda kwake. Yeye anafundisha virusi vya kompyuta, mimi maneno ya siri. Masomo ni yale yale pande zote mbili, tumeyaandika pamoja.

Hapa wananiuliza kama simwogopi huyo Mkongomani. Kule wanamuuliza kama hamwogopi huyo Mnyarwanda. Tunacheka.

Mwaka 1991 tulisoma pamoja kule Bukavu. Kompyuta moja, kioo cha kijani, wanafunzi kumi na wawili. Haikuwa na neno la siri. Nani angewaza? Nilikuwa navuka daraja mikono mitupu, askari ananiuliza hali ya mama. Mchana tulikuwa tunakula sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwani, kwa vidole, kisha tunagombania zamu ya kuandika kabla hata hatujanawa. Kibodi ilinuka samaki mpaka mwalimu akauliza nani anapika humu ndani. Nimekumbuka hilo leo katikati ya somo, nikacheka peke yangu. Wameniona mwehu.

Ijumaa, 7 Machi

Murhula ameleta programu inayobahatisha maneno ya siri. Unaipa orodha ya maneno, inajaribu moja moja bila kuchoka. Orodha iliyokuja nayo ni ya Kifaransa kitupu. Kwetu haifai kitu.

Nikapata wazo. Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kwenye mlango wa Maman Consolata, nikanakili majina yote yaliyobandikwa. Watu wa hapa hufanya neno la siri kutokana na jina la mtu wao. Najua, nimewafundisha miaka miwili.

Murhula aliniuliza kama ni vizuri. Nikamjibu hii ni kazi tu. Nilijiona hodari sana.

Jumanne, 11 Machi

Nimeharibu.

Programu ilibahatisha maneno ya siri ya wanafunzi mbele ya darasa zima. Kila neno lilipotokea nililisoma kwa sauti. La kwanza, karani wa zahanati: jina la kaka yake. Nikasema mnaona? Wakacheka. La pili, la tatu. Kwenye la nne kicheko kilikwisha, lakini mdomo wangu uliendelea kusoma. Sijui kwa nini. Sita kati ya tisa, chai haijapoa.

La sita lilikuwa Devota.

Maman Consolata alijifunga kitambaa chake vizuri, akatoka. Hakubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Kila mtu Kamembe anamjua Devota, binti wa Maman Consolata. Mwaka 1996, kambi za wakimbizi zilipovunjwa upande wa pili, mkono ulimponyoka mama yake katikati ya watu. Ni miaka saba sasa. Karatasi yake ndiyo ya kwanza pale mlangoni. Maana yake ufunguo wa daftari umening'inia kwenye mlango wake mwenyewe miaka yote hii, na yule mjomba wa uongo hakuhitaji hata akili.

Nilikuwa sahihi. Na nilikuwa mshenzi.

Alhamisi, 13 Machi

Sikwenda Bukavu. Daraja limefungwa tangu jana. Milio ya risasi ilisikika kutoka ng'ambo asubuhi. Redio inazungukia mambo mengine tu. Simu ya Murhula haishiki.

Maman Consolata hajaenda kazini siku mbili.

Nimefungua sanduku la vitabu vya chuo. Pembeni mwa ukurasa mmoja kuna mwandiko wa Murhula: "Yusufu, amka." Nilikuwa nasinzia kila siku baada ya chakula. Nilikaa na kitabu hicho mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda Nzahaha kwa pikipiki. Nilimkuta Maman Consolata akipalilia maharage. Alinisalimu, lakini hakuacha jembe.

Niliomba radhi. Kisha, mjinga mimi, nikaanza somo: changanya herufi na namba, usitumie jina. Akaniacha nimalize.

"Mwalimu, kila asubuhi minafika ku kazi, minaandika Devota. Njo minamuita. Hakuna fasi ingine minamuitaka. Sasa ukinikamatia hiyo, nitamuitia wapi?"

Miaka kumi na miwili nashughulika na mashine, sikuwahi kuwaza kwamba neno la siri ni mahali pa kumwitia mtu.

Alinifungia maharage kwenye gazeti. Niliyapokea. Kuyakataa kungekuwa tusi la pili.

Jumanne, 18 Machi

Daraja bado. Nimefundisha peke yangu. Wamekuja watano. Hakuna aliyeuliza swali. Nimewaomba radhi wote, mmoja mmoja. Karani wa zahanati alinipa mkono. Wengine waliinamisha kichwa.

Zimebaki wiki mbili.

Ijumaa, 21 Machi

Wamefungua! Murhula amekuja. Amekonda, shati linanuka moshi. Sikumuuliza. Tulikumbatiana pale pale mbele ya duka la kaka yangu, wateja wakitutazama.

Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama nakumbuka mama yangu alikuwa akipiga kelele gani tulipochelewa kurudi.

Nakumbuka! "We Yusufu na huyo Mushi yako, bugari haingojeaka bitabu!" Mushi ni kabila la Murhula, na ugali wa mama haukungoja vitabu kweli. Nilimsikia kwa sauti yake kabisa, mwiko mkononi. Mama alifariki 1997.

Murhula akasema, "Unaona? Jina ya mama yako bantu bote banaijua. Ile maneno, tuko babili tu."

Nikakaa chini. Mashine mpya za ofisini kwa Maman Consolata zinapokea sentensi nzima kama neno la siri. Tumekuwa tukiwafundisha watu maneno yasiyo na maana, herufi na namba, nao wanayaandika kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Kumbe lifaalo ni lile ambalo mtu hawezi kulisahau, na ambalo halijui ila yeye na mtu wake.

Miaka yote hii. Sisi walimu!

Jumanne, 25 Machi

Tumekwenda Nzahaha wawili. Safari hii sikuhubiri. Nilimwambia aendelee kumwita Devota, ila amwite kwa kitu ambacho hakiko kwenye karatasi yoyote. Neno la wao wawili. Walilokuwa wakiambiana.

Aliegemea mpini wa jembe. Kisha akacheka, akaziba mdomo kwa kitambaa. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Nilitaka kumuuliza ni maneno gani. Murhula akanikanyaga mguu.

Baadaye alitusindikiza hadi barabarani. Akauliza, "Siku ingine mutoto akikuja, aseme yeye njo Devota, atayijua hii?"

Nikasema ikiwa ni yeye, atayajua.

"Na mwenye bongo hatayijua." Alimaanisha mwongo, kama yule mjomba.

"Hatayijua, Maman."

Ameshika kazi ya ulinzi wa mashine haraka kuliko mimi nilivyoishika. Nilikuwa na furaha njia nzima. Pia nililia kidogo, Murhula akajifanya anatazama migomba.

Jumatatu, 31 Machi

Murhula amekuja ingawa si siku yake. Mkubwa wa Maman Consolata alitaka kuona kwa macho yake. Tuliipa programu mlango wote, majina yote, na orodha ya Kifaransa juu yake. Programu ilijaribu kuanzia saa tatu hadi saa sita. Haikupata kitu. Mkubwa akasema basi, daftari linabaki. Akaenda zake.

Karatasi niliyonakilia majina nimeichoma. Disketi yenye majina hayo nimeivunja kwa mguu.

Maman Consolata alivuta kiti aanze kazi. Tuligeuka, kama tulivyofundisha. Zamani zilikuwa herufi sita, basi, kazi imeanza. Leo tulisikia vidole vikienda, vikaenda, vikasimama katikati kana kwamba anasubiri aitikiwe, kisha vikamalizia.

Tulimwacha. Nje kulikuwa na mama anauza sambaza za kukaanga. Tulikula tumesimama, bila maneno mengi. Murhula aliomba maji, tukanawa mikono wote wawili kabla ya kurudi kwenye mashine.