Mpelelezi Wetu Asiye na Cheo

Kaka Anaeli,

Tangu tulipokuzika migombani meza yetu ya kuchambulia kahawa imekuwa kimya, na leo nisipokuandikia wewe nitamtukana mtu. Nimechefuka.

Kile kitabu cha mpelelezi ulichorudi nacho kutoka vita vya Burma, Wazungu wamekitengenezea sinema. Jumamosi ilionyeshwa mjini. Nilitoka Usa River alfajiri, viatu mkononi, nikamwone mtu wetu. Kumbe wamemharibu! Suti imepigwa pasi, nywele zinang'aa mafuta, meno yote yamo. Yule uliyetusomea sisi wanawake tukichambua punje mbovu, soli zake zilitoboka, na alipigwa mpaka akakojoa damu. Huyu kapigwa ngumi tatu, tai haikusogea! Na mwisho, badala ya kumpeleka yule tajiri muuaji polisi na kurudi chumbani kwake peke yake, kamwoa binti wa tajiri. Harusi, kaka! Na keki! Nilitema mate chini, mlinzi akanifokea.

Lakini kilichoniuma ni kingine. Walipoonyesha mlango wa ofisi yake, umeandikwa "private", nikamwambia karani aliyekaa kando yangu, "Hicho ndicho cheo chake, kaka yangu alitusomea hivyo. Askari wa chini kabisa, kama yeye mwenyewe."

Karani alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Dada, maana yake anajifanyia kazi mwenyewe. Huyo hajawahi kuwa askari. Kaka yako kawadanganya."

Nilimpelekea mwalimu wa misheni kitabu. Karani kasema kweli. Tena mwalimu amekipekua chote, hakuna vita humo.

Sasa yale uliyotusomea, ya mpelelezi kushtuka usingizini akisikia mizinga? Yale ya rafiki aliyemwacha kwenye matope, na jinsi alivyorudi kwao asiambiwe hata asante? Sijui kama ulilikosea lile neno la mlangoni au ulilitaka hivyo. Miaka yote tulikuuliza habari za Burma, ukatuambia tuchambue kahawa. Kumbe ulikuwa unatusimulia kila siku, nasi tunakuhimiza ufike kwa muuaji. Najionea kinyaa kuliko hata ile sinema.

Wenzangu wananitaka niwasomee. Kiingereza changu cha kubabaisha, lakini nitasoma, na nakuahidi atabaki askari. Yasiyoandikwa nayakumbuka, nitayasema mahali pake. Karani na sinema yake wafie mbali.

Pumzika, kaka. Safari hii hakuna atakayekuharakisha.

Mdogo wako,
Elinipa